Mwisho wa Urusi na Mwisho wa Kwingine

"Nakuuliza swali moja tu, Eskild. Ipi ni yako?"

"Dagny, mpenzi, niko katikati ya kufa."

"Nakuona. Endelea kufa, lakini nijibu."

"Usisogee, dada," alisema Bwana Krogh, mwongozaji, bila kugeuza kichwa. "Unatia kivuli kitandani. Gombana naye ukiwa hapo hapo ulipo, haina neno."

Na kweli haikuwa na neno. Sinema za miaka ile hazikuwa na sauti, kwa hiyo ndani ya ile nyumba ya vioo huko Valby, pembeni mwa Copenhagen, watu walipigilia misumari, walikunywa kahawa na walitukanana huku kamera ikizungushwa, ilimradi asipite mtu mbele ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, Eskild Brammer, alikuwa amelazwa juu ya mito mitatu, amevaa shati la kulalia la hariri, uso umepakwa poda ya manjano ili kwenye picha utoke mweupe kama wa mtu aliyekwisha. Mkono mmoja aliuweka kifuani. Wa pili ulishikwa na Bi. Vibeke, mke wake wa kwenye picha, aliyekuwa akilia vizuri sana huku peremende ikihama shavu hadi shavu.

Dagny Frost alisimama hatua mbili kutoka kwenye kamera. Ilikuwa Alhamisi, lakini alivaa koti lake la bluu la Jumapili na kofia yenye unyoya wa ndege, ile ambayo mama yake alisema inafaa msibani na harusini vilevile. Alivaa hivyo makusudi. Kama ni kuachwa, hakutaka kuachwa akiwa na kofia ya kazini.

"Hii hapa," alisema, akiinua barua ya kwanza, "inasema unakwenda Berlin na nikusahau. Na hii inasema tuoane. Zimekuja kwa posta moja, asubuhi moja, mwandiko mmoja. Mama yangu alipozipokea alidhani zimetoka kwa wanaume wawili. Akafurahi."

"Kohoa, Eskild," alisema Krogh.

Eskild akakohoa. "Sikuzituma mimi."

"Zimejituma?"

"Sofus ndiye hutuma kila kitu."

Sofus alikuwa mzee wa ofisini, mwenye miwani na kalamu sikioni, na wakati ule alikuwa amesimama mlangoni akila mkate wake wa maini. Dagny alimgeukia. Mzee akaacha kutafuna.

"Zilikuwa mbili mezani kwangu," alisema. "Moja ya huzuni, moja ya furaha."

"Kwa hiyo ulizisoma."

"Sikuzisoma. Zilikuwa wazi, macho yakapita."

"Na hukujiuliza kitu?"

"Dada, hapa mimi natuma miisho miwili miaka minne sasa. Mwaka juzi nilituma mmoja tu, nikagombezwa mwezi mzima. Nilipoziona mbili nikazitia gundi, nikabandika stempu. Mwenye jumba la sinema huko aliko ndiye huchagua aonyeshe upi."

"Mimi ni jumba la sinema?"

Sofus aliutazama ule unyoya wa kofia, akaona heri arudie mkate wake.

Lakini mzee hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa kazi yake. Kampuni ile iliuza filamu zake Urusi na iliuza kwingine, na wateja hawa hawakupenda kitu kimoja. Warusi walitaka watu wafe. Wakiona wapenzi wanaoana mwishoni walidai wamedanganywa. Kwingine kote walitaka harusi. Basi kila filamu ilipigwa miisho miwili: asubuhi Eskild alikufa kwa ajili ya Urusi, wakala chakula cha mchana, na mchana alifufuka akaoa. Kwa mwaka ule peke yake alikuwa amezama baharini, amepigwa risasi, ameugua kifua mara tatu, na ameoa mara tisa. Dagny alizihesabu hizo harusi zote kwenye pazia la sinema, akiwa amekaa kiti cha bei rahisi na mfuko wa lozi, akijiuliza ya kumi itakuwa ya nani.

Mtu kama huyo, ukimpa jambo la kuamua, atafanya nini? Alikaa mezani Jumatano, akaandika miisho miwili, akaiacha ofisini ailalie usingizi, achague asubuhi. Kwa watu wengine wowote huo ungekuwa wazimu. Kwa watu wa nyumba ile ya vioo ilikuwa kazi ya kawaida.

Walivyokutana ilikuwa hivi. Dagny alikuwa opereta kwenye kituo cha simu cha mjini. Miaka sita alikaa mbele ya ubao wenye matundu, chombo cha kusikilizia kimefungwa kichwani, akisema "Namba gani, tafadhali?" kwa watu waliomjibu kama wanaamrisha mbwa. Isipokuwa mmoja. Kila asubuhi saa mbili na nusu ilikuja sauti nyembamba, yenye kuvuta maneno kama wavutavyo watu wa mashambani, magharibi ya Jutland, ikisema, "Samahani, dada, kama nakusumbua. Naomba mia nne na kumi na saba." Hiyo ilikuwa namba ya fundi nguo. Dagny hakumjua mwenye sauti, ila alijikuta saa mbili na robo anajiweka sawa nywele, kitu ambacho hakina maana yoyote kwenye simu.

Siku moja jioni, kwenye uwanja wa mbele ya jumba la manispaa, watu wakigombea tramu, kundi la wasichana lilikuwa limemzunguka kijana mmoja mrefu aliyevaa kofia ya majani na suti nyeupe. Walikuwa wanamwomba asaini kadi zenye picha yake. Alikuwa anasaini, anatabasamu, anainua nyusi, hasemi neno. Akirudi nyuma kuwapisha wapate pumzi, alimkanyaga Dagny mguu.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini, "kama nimekuumiza."

Dagny alisahau maumivu. "Mia nne na kumi na saba," alisema.

Yule kijana alimkodolea macho, na kalamu ikamdondoka. Wasichana hawakuelewa kitu. Tramu ilikuja ikaondoka, na wawili wale walikuwa bado wamesimama.

Baadaye Eskild alimweleza kuwa huwa hapendi kusema mbele za watu. Nchi nzima inaujua uso wake, na wote wamempa sauti wenyewe kichwani, sauti nzito, ya kifuani, ya mtu mwenye farasi. Akifungua mdomo wanasikia mchunga kondoo.

"Basi mimi nimekupata kinyume," Dagny alimwambia. "Mimi nilianza na mchunga kondoo. Huo uso nauvumilia tu."

Toka hapo zile simu zikawa nyingi. Kwa sheria ya kituo, opereta haruhusiwi kuzungumza na mpigaji zaidi ya kuuliza namba. Lakini wakati simu inalia upande wa pili na hakuna anayepokea, opereta anaruhusiwa kumwambia mteja avute subira. Eskild aliligundua hilo kabla ya wiki kwisha.

"Namba gani, tafadhali?"

"Nipe yoyote isiyopokea."

"Bwana, hii ni simu ya kazi."

"Mimi niko kazini. Nimevaa mavazi ya kaisari. Jana ulikuwa na blauzi gani?"

"Ya kijani. Vuta subira, bwana, hawajapokea."

"Wasipokee. Ile yenye vifungo vya mfupa?"

"Hiyo hiyo. Na ukiniuliza vifungo vingapi nakukatia."

Shoga yake Gerda, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa anaficha uso nyuma ya waya akicheka mpaka chombo kinamtoka kichwani.

Walikwenda hivyo miezi kumi na minne. Halafu Jumapili iliyopita, kwenye benchi la bustani ya Frederiksberg, Dagny akasema jambo ambalo alikuwa amelipanga tangu Ijumaa. Alisema Bi. Ravn, msimamizi wa kituo, anastaafu, na yeye Dagny ameitwa akaulizwa kama atapenda kukaa kwenye kile kiti. Ni kiti kizuri, kinazunguka. Kuna jambo moja tu: kituoni hawaajiri wanawake walioolewa, na msimamizi huahidi kwamba hana nia hiyo. Jibu linatakiwa Alhamisi, saa sita mchana.

Akamtazama Eskild, akangoja aseme, "Usikubali."

Eskild akasema, "Hongera."

Hongera. Dagny aliyatazama mabata kwenye maji mpaka akayachukia. Kisha Eskild naye akatoa la kwake, kwamba kuna Bwana Liebrecht kutoka Berlin, yuko hotelini karibu na stesheni, anataka kumchukua akaigize kule kwa miaka mitatu, na anaondoka na treni ya Alhamisi mchana. "Nipe mpaka Alhamisi," alisema. Dagny akampa. Na Alhamisi ikaja na bahasha mbili.

"Filamu imekwisha," alisema mpiga picha. "Natia nyingine."

Kila mtu akapumua. Bi. Vibeke aliuacha mkono wa marehemu mtarajiwa, akafuta machozi, akamgeukia Dagny.

"Mwenzangu, ya kuachana inasemaje?"

"Ina kurasa tatu. Nyota zinazama, bustani inasahau theluji. Ina mahali machozi yamedondoka, nimepaangalia juani, ni machozi kweli."

"Na ya kuoana?"

"Mistari sita na doa la kahawa." Dagny alimtazama mgonjwa. "Mimi si mtoto, Eskild. Mtu huweka moyo wake penye kurasa tatu. Hii ndogo umeiandika ili usionekane mbaya. Sema basi, nijue. Nina mpaka saa sita, na ni saa tano na dakika kumi."

Eskild alikaa kitandani. Poda ilikuwa imemkatika mdomoni. Nyusi zikapanda, kama zinavyopanda kwenye pazia mwanamke anapofunga virago.

"Acha hizo," Dagny alisema. "Nyusi wape Warusi. Mimi nataka sauti. Soma zote mbili. Hapa hapa, nikusikie."

"Mbele ya watu?"

"Wewe umeoa mara tisa mbele ya watu."

"Subirini," alisema Krogh, na macho yake yakang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani. "Mtu anakufa, analetewa barua mbili. Warusi watailamba hiyo. Vibeke, mpe barua. Lala, Eskild. Zungusha."

Kamera ikaanza kunguruma. Vibeke alizipokea barua mkononi mwa Dagny, akampa mgonjwa kwa mkono wa kutetemeka, peremende ikiwa imetulia safari hii.

Eskild alianza na ile ndefu. "Dagny, nyota yangu iliyozama kabla ya usiku kuingia. Njia yangu yaenda mbali na mlango wako, na moyo wangu, kama meli isiyo na bandari..."

Ilikuwa nzuri. Sauti ilipanda ikashuka mahali panapotakiwa. Ule uvutaji wa maneno wa Jutland ulipotea kabisa, ungedhani ni mtu mwingine, mtu mwenye farasi. Ukurasa wa pili Vibeke alikuwa analia bila kuambiwa. Seremala aliweka nyundo chini. Sofus alivua miwani. Hata Krogh alijipangusa pua, na Krogh alikuwa mtu aliyemzika baba yake asubuhi na kupiga filamu ya vichekesho mchana.

Dagny hakulia. Alisimama ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama anavyokaa mbele ya ubao wake, akisikiliza. Miaka sita alikuwa na sauti za watu masikioni. Aliwasikia wanaume wakiwaambia wake zao wako ofisini. Aliwasikia wafanyabiashara wakiapa mzigo umeshaondoka. Na jambo moja aliwafundisha wasichana wote wapya waliokaa karibu naye: mtu akidanganya kwenye simu, husema vizuri. Hakwami. Ameshafanya mazoezi.

"Bustani inavyosahau theluji," Eskild alimaliza, na mkono ukaanguka kwenye shuka kwa ustadi.

"Ya pili," alisema Dagny.

Eskild aliifungua ya pili. Alikohoa, na safari hii Krogh hakuwa amemwambia.

"Dagny," alisoma, na sauti ikatoka nyembamba, imekwaruza, kondoo wote wa Jutland wamo ndani. "Nimeona vyumba viwili Nørrebro. Ghorofa ya nne, juu ya ua wa makaa. Jiko la... jiko linatoa moshi, mwenye nyumba anasema ni upepo. Si upepo. Nililichungulia, bomba limepasuka, nita..." Akasimama. Akarudia mstari. "Nitaliziba. Dirisha la jikoni linatazama kituo cha tramu, kwa hiyo ukichelewa nitakuona unakuja. Tuoane, kama hujanichoka."

Ilisikika kamera peke yake.

"Imekwisha?" aliuliza Vibeke. "Hakuna hata nyota moja?"

Dagny alikuwa amekwisha kuvua glavu, na hakukumbuka alizivua saa ngapi.

"Ulipanda ghorofa ya nne?" aliuliza.

"Mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kupima mahali pa kabati lako."

"Lile la bibi?"

"Linaenea. Ila mlango wake mmoja hautafunguka wote."

"Na ile nyingine, mbona ukaiandika?"

Eskild alitazama dari ya vioo. "Ulisema kiti kinazunguka."

"Nini?"

"Jumapili. Ulisema ni kiti kizuri, kinazunguka. Nilikuona unavyokisema. Nikafikiri, nikimwoa atakikosa kiti chake, na ataniangalia miaka arobaini akikumbuka kile kiti. Nikaandika moja ya mimi kuondoka ili wewe ukae. Ikatoka nzuri kwa sababu nilimwandikia mtu wa kwenye filamu. Ya pili nilikuandikia wewe, ikanishinda."

"Nilikuwa nakutega, mwanamume wewe. Nilitaka useme nisikubali."

"Mimi si wa kutegwa, Dagny. Mimi nikiambiwa kiti, nasikia kiti."

"Miezi kumi na minne," alisema Dagny, akiiambia kofia yake. "Miezi kumi na minne nimepoteza na mtu anayesikia kiti."

"Jamani, filamu," alisema Krogh kwa upole. "Nimebakiza kidogo sana. Anaweza kufa?"

Eskild alikuwa tayari ameweka mguu mmoja sakafuni. Dagny alimrudisha kwa kidole.

"Maliza kazi ya watu. Kufa, lakini upesi."

Eskild akalala, akafumba macho, akafa kwa muda usiozidi wa kukunja mwavuli. Kwa kuwa alishindwa kuzuia mdomo usicheke, Urusi mwaka ule ilipokea mtu aliyeaga dunia akiwa na raha isiyoelezeka, na wanasema walilia zaidi.

"Simu iko wapi?" Dagny alimuuliza Sofus.

Ilikuwa ofisini, ukutani, karibu na masanduku mawili yaliyoandikwa Urusi na Kwingine. Dagny aliingia mbele, Eskild nyuma na shati lake la hariri na miguu mitupu, Vibeke na seremala wakabana mlangoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano.

"Piga."

Eskild akazungusha mkono wa simu. Poda ya manjano ikabaki kwenye chombo.

"Namba gani, tafadhali?" ilikuwa sauti ya Gerda.

"Samahani, dada, kama nakusumbua. Hoteli ya stesheni. Bwana Liebrecht."

Wakangoja. Eskild alimtazama Dagny, na Dagny akamtazama, na hakuna aliyeinua nyusi.

"Bwana Liebrecht? Brammer hapa. Brammer. Ndiyo, hii ndiyo sauti yangu. Siji. Naoa. Hapana, si kwenye filamu." Akasikiliza kidogo. "Safari njema, bwana."

Dagny akachukua chombo kabla hakijapoa. "Gerda, ni mimi. Nipe Bi. Ravn."

"Shoga, usinikatishe roho. Umeamuaje?"

"Nipe Bi. Ravn, nitakusimulia jioni."

Bi. Ravn alikuja, na Dagny akamwambia kwa maneno machache kama anavyosoma namba: kiti apewe Gunhild wa meza ya tatu, ana masikio mazuri na hana mchumba, yeye atafanya kazi hadi mwisho wa mwezi, kisha ataondoka. Akashukuru kwa miaka sita. Hapo tu sauti yake ilikwama kidogo, na Eskild akaisikia.

"Utakitamani kile kiti," alisema, Dagny alipomaliza.

"Nitakitamani. Na nikikitamani nitasema, na wewe utanisikiliza na hutajibu hongera." Akajifuta jicho kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi. "Kwenye kibanda cha simu pale uwanjani wanachukua wahudumu hata walioolewa. Niliuliza Jumatatu."

"Jumatatu? Hata barua sijaandika."

"Nilikuwa napita."

Huko ndani Krogh alikuwa anaita. Jua bado lilikuwa zuri, mwisho wa kwingine ulikuwa haujapigwa, na harusi ilitakiwa imalizike kabla ya wingu. Vibeke akaondoka kwenda kuvaa shela, akilalamika kwamba macho yake yamevimba na nani ataamini ana furaha.

Eskild hakwenda. Alitazama mlangoni, akaona seremala naye amekwisha kuondoka, akaushika mkono wa simu, akauzungusha taratibu.

"Namba gani, tafadhali?" aliuliza Gerda.

"Nipe yoyote isiyopokea."

Dagny alikitoa chombo mkononi mwake, akakirudisha ukutani.

"Niko hapa," alisema. "Sema."